Abee, Hawe

Buxton, Mombasa
19 Januari 2025

Somo yangu Kanze,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia baba hadi yule paka wa jirani, ambaye sasa amehamia kwetu kabisa na amepewa sahani yake. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kule Shimanzi kwenye godauni la majani chai, na kila akirudi nguo zake zanukia kama birika. Joab anakusalimu. Kaniambia niandike hivi hivi: "Mwambie Kelele darasa limetulia mpaka walimu wauliza kuna msiba gani."

Mwalimu mpya wa Kiingereza aliona majina mawili ya Kanze kwenye rejista, moja limekatwa, akaniuliza mwenzangu ni nani. Nikasimama, mdomo ukafunguka, hapakutoka kitu. Wanijua. Joab ndiye aliyenijibia: "Mwalimu, baba zao ni ndugu. Kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la mama yao, ndivyo Wagiriama wafanyavyo. Huyu twamwita Kanze Kimya, aliyehama ni Kanze Kelele, na nyumbani yuko wa tatu, bibi yao wanayemwita Hawe, mwenye jina lake." Darasa zima likacheka. Mimi nilikaa chini nikitamani dawati linimeze.

Nilikupigia simu sana kabla hujaingia bwenini. Hukupokea. Baba mdogo Ngowa akasema, "Mwenzio siku hizi hapokei simu ya mtu, hata yangu mimi babake." Basi nimeona niandike. Barua haiiti mtu kwa sauti. Husomwa tu.

Sasa jambo lenyewe. Hawe haitiki.

Juzi nilimpeleka kliniki ya presha. Nesi akaita, "Kanze Kalama!" Hawe ametulia. Akaita tena. Hawe akanigeukia: "Huyo Kanze naye! Mtu aitwa, akaa tu kama gunia. Watu wengine!" Nikamwambia, "Hawe, ni wewe." Akanitazama kama nimemwambia yeye ndiye gavana.

Najua hutaki kuitaja siku ile ya Desemba. Basi nitaitaja mimi. Tulikuwa kwenye ile nyumba ya Mji wa Kale ambayo Hawe aliipikia miaka mingi, mpaka wenyewe walipohamia Maskati wakamwachia funguo awe akiifagia. Alitwambia mlangoni, kabla hatujavua viatu: "Humu mimi siiti mtu. Nikikutaka nitakufuata ulipo. Ukisikia waitwa, nyamaza." Wewe ukafuta madirisha, mimi nikapiga deki. Halafu nyuma ya ule mlango mdogo wa nakshi chini ya ngazi, ule ambao ukiufungua waona ukuta, ikatoka sauti ya Hawe: "Kanze!" Na Hawe nilikuwa namwona kwa macho yangu yuko uani anaanua mikeka. Wewe, mtoto uliyefunzwa adabu, ukaitika papo hapo: "Abee, Hawe!"

Mimi sikuitika. Haukuwa ujasiri. Mimi siitiki upesi hata nikiitwa kula.

Hawe aliuacha mkeka ukaanguka. Tangu siku hiyo jina lake lampita sikioni kama la mtu mwingine. Nami naogopa litakalofuata, maana jina ndilo lililofungia vitu vyake vyote, sisi tukiwamo.

Niambie ukweli, somo. Na wewe je, ukiitwa, wageuka?

Ni mimi wako,
Kanze Kimya


Bwenini
23 Februari 2025

Kwa somo,

Nashukuru kwa salamu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Machakos haina haya, yaingia hadi ndani ya soksi. Chakula ni githeri, kesho yake githeri, na Jumapili mchele ulioogopa kuiva. Nimechaguliwa timu ya netiboli. Rafiki yangu wa kitanda cha juu ni Mutanu, anacheka akiwa usingizini. Wasalimie baba, mama na huyo paka mwenye sahani.

Barua yako imechelewa kunifikia. Ilikuwa kwa matroni. Alikuwa akisoma majina ya wenye barua bwaloni, na bwalo lina zogo, sikusikia vizuri. Mwishowe Mutanu ndiye aliyeiona.

Kuhusu Hawe: wazee husahau. Presha nayo ina mambo yake. Usijitie maneno kichwani, Kimya, wewe ukikosa la kuogopa hulitafuta. Mpe dawa zake kwa wakati.

Na Mji wa Kale usiende. Nyumba ile iache na vumbi lake. Ukienda nitakasirika, nami nikikasirika hata huku Machakos utanisikia.

Hapa wananiita Beverly. Ndilo lililotangulia kwenye karatasi zao za shule, na ni jepesi kwao.

Swali lako la mwisho sikulielewa.

K. Beverly


Buxton
4 Mei 2025

Somo yangu,

Salamu kwanza, japo nimeziandika nimenuna. Likizo imekwisha na hukuja. Mama alikuwa amekuwekea unga wa mahamri, Joab alikuwa amejifunza utani mpya wa kukutania, na mimi nilitandika kitanda chako nikakitandua. Baba mdogo kasema ulitaka kukaa huko kwenu Athi River usome. Wewe? Usome likizo? Hata paka hakuamini.

Nilikukasirikia, nakwambia wazi. Kisha nikaisoma tena barua yako pale uliposema hukusikia jina lako bwaloni. Wewe, ambaye ukitajwa Kisauni wageuka ukiwa Likoni! Na "K." ile peke yake mwishoni. Sitakuuliza tena.

Hawe amezidi. Jumapili baba alimletea chai, akaipokea, akashukuru kwa heshima yote, halafu akamuuliza, "Wewe kijana, mamako yuko wapi?" Baba akacheka. Kisha akatoka nje akaanza kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa mbovu.

Sasa sikiliza, maana hili nimelifikiria kuliko hesabu zote za muhula.

Wakumbuka Hawe alivyokuwa akiniita kutoka jikoni? Kimya. Aita tena. Kimya. Halafu wasikia kanga yaja ukumbini kwa hasira, na Hawe huyo mlangoni, mwiko mkononi: "Kwani masikio umeyapeleka kwa fundi?" Miaka yote nimesemwa kwa hilo. Kanze Kimya hana adabu, Kanze Kimya aitwa haitiki. Lakini tazama: mwenye kuita asiyeitikwa huinuka akaja mwenyewe. Mlango ule hatukuungoja uinuke. Wewe uliuitikia mara moja, nao mlango ukapata ulichotaka bila mtu kutoka nje.

Basi nitakwenda nisimame mbele ya mlango huo, nao uniite mpaka uchoke, nisiitike. Hicho kilichomo ndani kitatoka. Na kikitoka, mimi ndiye nitakayeita. Kimebeba jina la Hawe. Mtu akiwa na jina, ukimwita ghafla, ataitika kabla hajafikiri. Wewe wajua. Na akiitika, jina litakuwa limemtoka kama lilivyokutoka.

Joab asema ni mpango wa wazimu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo huji?" Akasema, "Nani kasema siji? Nasema ni wa wazimu tu."

Sasa ni zamu yako kuniambia usiloniambia.

Kanze Kimya


Bwenini
25 Mei 2025

Kanze,

Hamjambo nyote? Mimi nina mafua, lakini yapungua. Tulishinda mechi, nilifunga mabao mengi, na wasichana waliimba jina langu uwanja mzima. Beverly, Beverly. Niligeuka kila walipoliita. Hilo ndilo jibu la swali lako la Januari.

Nilikudanganya kuhusu bwalo. Matroni alipoita "Kanze Ngowa" nilikuwa meza ya mbele kabisa, kijiko mdomoni, nikajiuliza huyo Kanze ni mgeni wa bweni gani. Bahasha zako nazisoma kama mtu asomaye jina gazetini. Hapo ulipoandika "somo yangu" sijui wamwandikia nani. Somo ni mtu wa jina moja nawe. Mimi sinalo. Usiniite hivyo tena, yaniuma.

Aprili sikuja kwa sababu nilimpigia Hawe kwa simu ya baba. Nilijitia nguvu, nikampigia. Nikamwambia ni mimi, Kelele. Akasema, "Karibu mwanangu, lakini umekosea namba."

Mpango wako ni mzuri. Nachukia kusema hivyo. Lakini kuna jambo ambalo wewe hukulihisi, na mimi nililihisi. Niliitika maneno mawili. "Abee," hilo lilikuwa langu. "Hawe," hilo lilikuwa lake. Yalinitoka moja baada ya jingine, kama meno. Ningeitika "abee" peke yake, Hawe angekuwa salama. Adabu yangu ndiyo iliyomponza.

Kwa hiyo hicho kitu kikikuitikia kwa neno moja, kitarudisha jina moja tu. Nacho si mjinga kama mimi, kitabana maneno. Mwite Hawe. Wanisikia? Mwite yeye kwanza, usinitaje mimi. Mimi naweza kuwa Beverly. Beverly apata alama nzuri, ana timu, ana Mutanu. Hawe hana jina jingine.

Na kitakuita kwa sauti yangu. Najua kitafanya hivyo, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Usiitike hata nikilia.

Beverly


Buxton
15 Juni 2025

Dada yangu,

Nimelikwepa lile neno kama ulivyoniomba. Mkono umekataa mara mbili kabla ya kukubali. Baba na mama wakusalimia. Hawe... ngoja, nitafika kwake.

Tulikwenda jana asubuhi. Funguo nilizitoa msumarini. Joab alivaa viatu vya shule, eti kama ni kufa afe nadhifu. Kichochoro kilikuwa na watu wake wa kawaida: muuza kahawa na vikombe vyake, akina mama wawili wakiuza mabuyu, watoto na mpira wa karatasi. Tukaingia. Vumbi la miezi. Joab akanong'ona, "Nami nikiitwa?" Nikamwambia, "Utaitwaje, wewe si wa kwetu." Hapo nilikosea.

Tulisimama mbele ya ule mlango mdogo. Hatukungoja sana.

Kwanza ilikuja sauti ya Hawe. "Kanze!" Ile ya jikoni, ile ya siku zote. Ulimi wangu ukalala kama ulivyozoea. Ikaita tena na tena, ikaanza kukasirika, na nusura nicheke, maana hata hasira ilikuwa yake kabisa.

Halafu ikamgeukia Joab. Ilimwita kwa Kijaluo, kwa sauti ya marehemu mamake, mama Zilpah, yule aliyekuwa akitugawia ndizi dirishani mwao. Joab alikunja uso kama mtoto mdogo. Niliona kifua chake kikijaa pumzi ya kuitika. Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Mimi, ambaye sijawahi kumshika mvulana hata bega! Aliniuma kidole. Machozi yake yakanipita katikati ya vidole, nami sikumwachia mpaka ile sauti ikaisha. Baadaye akaniambia, "Asante," kisha, "Lakini nilitaka sana." Nikamwambia najua.

Mwisho ukaja wewe.

"Somo," ukasema. Huku unalia. "Somo, hapa ni giza, niitikie nijue uko wapi. Neno moja tu. Kwa nini hunijibu? Nilikukosea nini?" Ulinikumbusha siku niliyozimia kwenye paredi ya shule ukanibeba mgongoni hadi ofisini ukiwatukana waliocheka. Ulinikumbusha kila kitu. Sijui kwako urafiki ni nini, lakini mimi nimefunzwa kwamba ni kumwitikia mtu akikuita. Na jana urafiki ulikuwa kufunga mdomo wangu huku wewe ukilia. Niliuma kanga niliyojifunga mpaka ikatoboka.

Kisha nikasikia kitu kikiinuka.

Mlango ukafunguka, na nyuma yake hapakuwa na ukuta. Alisimama mtu mwenye kimo cha Hawe, ameegemea nyonga moja kama usimamavyo wewe. Uso wake ulikuwa kama kitambaa kilichoanikwa, ukikitazama kwa nyuma: waona umbo la maua lakini huyaoni maua. Alikuja kutazama kwa nini haitikiwi. Ndivyo tu. Kama Hawe na mwiko wake.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Joab. Jina lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa lako. Hawe ni mzee, nilijiambia, amekwisha kulitumia jina lake, na wewe ndiwe wa kwangu. Nilikwisha kuvuta pumzi. Kisha nikakumbuka ulivyoandika, Hawe hana jina jingine. Ukaniponza na kuniokoa hapo hapo.

Nikaita, "Hawe Kanze!"

"Abee," kikasema. Kikataka kuendelea, nikasikia mwanzo wa neno la pili, "so...", halafu kikajiziba mdomo kwa mkono, kama nilivyomziba Joab. Kilikuwa kimejifunza kwetu.

Basi nikaita. Nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kanze Kelele! Kanze wa Ngowa! Mlango ukafungwa, nami nikaendelea kuita, nikiupiga kwa ngumi, mpaka watu wa kichochoroni wakaingia. Wote wakinitazama, na sikujali, hebu waza. Muuza kahawa akaniuliza, "Mtoto wewe, wamwita nani?"

"Dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Machakos."

"Yakhe, basi utaita sana."

Nilirudi nyumbani sina sauti. Hawe alikuwa amekaa jikoni anamenya muhogo. Akainua kichwa akasema, "Kanze, mbona umekauka hivyo, umekuwa ukipiga kelele? Wewe?" Akamwita baba kwa jina lake, Kitsao, akamtuma chumvi. Baba alikwenda dukani mbio kama mtoto wa miaka saba, akasahau pesa.

Nikamwambia, "Hawe, Kelele naye atafurahi."

"Kelele gani?"

"Wa baba Ngowa."

Akaacha kumenya. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Ngowa ana mtoto wa kike? Na hamkuniambia?"

Nilifanya ulichoniambia. Sikuombi radhi, wala sikubali kwamba yamekwisha. Njoo Agosti. Usiposhuka wewe, nitapanda mimi.

Kanze


Bwenini
13 Julai 2025

Dada Kanze,

Salamu kwa wote, na kwa Hawe salamu zake peke yake, hata kama hajui zimetoka kwa nani. Mwambie zimetoka kwa msichana fulani. Mafua yamekwisha. Mutanu ameisoma barua yako, nilimruhusu, na amesema angependa kukuona ili ahakikishe wewe ni mtu. Mwambie Joab simtanii tena mwaka huu. Mwakani nitaanza upya.

Nimeikalisha barua yako siku nyingi kwa sababu kila nilipoanza kujibu nililia, na karatasi za shule ni nyepesi.

Jumamosi ile asubuhi tulikuwa mazoezini. Nilikuwa nimeshika mpira. Nikasikia mtu aita, mbali sana, jina lisilo langu, nami nikageuka. Wenzangu hawakusikia kitu. Kocha akapiga filimbi, "Beverly, umelala?" Sikuitika ile sauti. Niliogopa. Sikujua kama ni wewe au ni mlango. Laiti ningaliitika, au heri sikuitika, sijui, na nimechoka kujiuliza.

Ulifanya vyema kumwita yeye. Naandika hivi nikiwa sina machozi, ili ujue ni kweli.

Usirudi mlangoni. Hilo sikwambii kwa hofu kama Februari. Kile kitu kimejua sasa kubana maneno, na koo lako moja halitoshi. Isitoshe, nimefikiria jambo. Jina langu halikutoka kule chini ya ngazi. Lilitoka kwa Hawe. Lilikuwa lake kabla ya kuwa langu, baba aliliomba kwake, naye akalitoa. Sasa amelipata tena. Mwenye kitu yupo, yuko jikoni, anamenya muhogo. Kwa nini niende kwa mwizi?

Shule yafungwa tarehe mosi Agosti. Nitakuja. Usinipokee stendi, na usinitangulie kwa Hawe. Nakujua, utataka kunitetea, utaleta picha, utamtajia siku zote nilizolala kitandani mwake. Usimwonyeshe picha hata moja. Sitaki anikumbuke kwa kulazimishwa, akajiona mwenye makosa mbele ya mtoto. Hana kosa lolote.

Nitabisha hodi kama mtu yeyote. Hawe hajaiacha hodi ya mtu bila karibu. Nitaingia, nivue viatu, nichukue kisu cha pili nimenye naye. Akiuliza mimi ni wa nani, nitamwambia ni wa Ngowa, nimekua bila jina la nyumbani, na nimekuja kumwomba. Akitaka kunitazama likizo nzima kwanza, na anitazame. Nitafagia, nitabeba maji, nitamsindikiza kliniki badala yako. Akinipa Kanze, nitakuandikia tena "somo" kwa herufi kubwa. Akisema Kanze wametosha nyumbani, anipe Dama au Sidi au lolote limjialo, nitalipokea kwa mikono miwili.

Tangu Desemba sijaitika sauti ya mtu nisiyemwona. Simu, dirishani, bafuni, hata Mutanu gizani. Lakini Hawe akiwa jikoni nami niko uani, na aniite kwa jina hilo atakalonipa, nitaitika kwa sauti, mtaa mzima wa Buxton usikie.

Ni mimi,
Binti Ngowa